Koti Lisilogusa Mtutu

Ninyi mnaokuja Guangzhou na cheti cha ununuzi na ugavi ndani ya begi, karibuni. Wiki hii watatu kati yenu mmeniandikia, na wote mmeuliza jambo moja: "Dada Agripina, ulijifunzaje kazi?" Kila mmoja nilimrekodia ujumbe wa sauti, nikausikiliza, nikaufuta, nikarekodi tena, nikafuta tena. Mwishowe nimeona niandike. Maandishi haya nayo nitayapitia mara tisa, lakini angalau hamtanisikia nikihema.

Nimestaafu. Nina miaka ishirini na tisa, na najua neno hilo linachekesha. Papa Ilunga, bosi wangu kwa miaka sita, nilipomwambia alitazama kichwa changu kwa muda mrefu. "Mustaafu gani hana hata mvi moja?" akauliza. Nikamwambia miaka ya mtu mwenye wasiwasi ihesabiwe mara mbili. Akafikiri kidogo, akasema kwa hesabu hiyo mimi ni mkubwa kuliko yeye, na akanipisha kiti.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Papa Ilunga ni mtu wa Lubumbashi, amesomeshwa na mapadri kwa Kifaransa, na ana ofisi ghorofa ya kumi na moja kwenye jengo la Tianxiu. Anawanunulia watu wa nyumbani mashine za michezo: magari ya kupanda watoto, mashine za kunasa midoli, meza za mpira. Viwanda anakonunua viko Panyu, pembeni ya jiji. Kazi yangu ilikuwa kuchagua vipuri, kukagua, kukataa na kukubali. Kukataa nilikuwa hodari. Kukubali kulinikosesha usingizi.

Habari nitakayowaeleza inahusu bunduki, na kabla mama zenu hawajashtuka, ni bunduki za mwanga. Ukivuta kifyatulio unatoka mwale, mwale ukigusa shabaha kengele inalia, na bata wa plastiki anaanguka. Hakuna risasi wala baruti. Hata hivyo Papa alinipa amri moja siku ya kwanza na sikuivunja: kila kipande kiwe na rangi ya kupiga kelele. Chungwa, kijani cha limau, waridi. Kipande cheusi kinachofanana na kitu halisi usikinunue hata kama ni cha bure, kwa sababu utakieleza uwanja wa ndege, utakieleza bandarini, na bado hutaaminiwa.

Mteja alikuwa Mama Kabula wa Mwanza. Alikuwa muuza nguo, huja Xiaobei, mtaa wetu hapa Guangzhou, kila mwaka na kurudi na mabelo ya magauni. Kisha akaona watoto wa mtaani kwake hawana pa kwenda wakati wa likizo, akaamua kufungua ukumbi wa kulenga shabaha. Ukumbi ulikuwa wa familia, na shemeji yake alikuwa ameutumia kama stoo ya saruji. Wazee wa familia wakaamua hivi: Mama Kabula apewe ukumbi, afungue likizo ya Juni, na kama hajafungua likizo hiyo, saruji irudi. Shemeji hakuhamisha hata mifuko yake yote. Aliacha kumi pembeni ya mlango, akasema anajiokolea kazi ya kuirudisha.

Basi mfahamu tangu sasa: nilichokuwa nachagua kilikuwa kipuri, lakini nyuma ya kipuri kulikuwa na mifuko kumi ya saruji inayosubiri.

Tulimtumia bunduki mbili za majaribio. Baada ya siku chache ujumbe wa sauti ukaja. Mama Kabula ana sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara hata akiongea na simu iliyo mdomoni.

"Agripina mwanangu, hizi bunduki zinasema uongo. Mtoto wa darasa la tatu anapiga bata watano, baba yake mwenye mikono kama jembe hapati hata mmoja. Halafu baba anakasirika, anadai hela yake. Shemeji naye amekaa juu ya saruji yake anacheka. Nifanyeje?"

Sikulala. Nilidhani ni lenzi, nikadhani ni betri, nikadhani ni taa za ukumbi, nikaandika kurasa kumi na nne. Asubuhi Papa Ilunga akasoma ukurasa wa kwanza, akaufunga, akachukua bunduki ya mfano, akanipa.

"Kamata kwa nguvu."

Nikakamata.

"Sasa angalia ile nukta kwa ukuta."

Bunduki hizi zina kitufe cha majaribio, ukikibonyeza nukta nyekundu inatokea pale unapolenga. Nilipokaza mkono, nukta ilihama. Nilipolegeza, ikarudi. Mbele ya bunduki, pale mkono wa kushoto unaposhika, kulikuwa na ganda la plastiki lililobanwa moja kwa moja kwenye mtutu. Ukilikaba, umeukaba mtutu, na mtutu unapinda kiasi ambacho jicho halioni lakini bata anaona. Mtoto anaegesha bunduki juu ya kaunta kwa upole, kwa hiyo anapata. Baba anaikaba kama kuku wa Krismasi, kwa hiyo anakosa.

"Bon," akasema Papa. "Unaona mutu akivaa koti? Koti inabebwa na mabega. Haibebwi na tumbo. Tumbo inaweza kupumua, inaweza kula, koti haijui. Hii bunduki yetu, koti yake inabebwa na tumbo. Utafute koti ya kubebwa na mabega."

Tangu siku hiyo ofisini tuliliita koti. Ni bomba la alumini lenye matundu, linaloshikwa sehemu moja tu: nyuma, kwenye boksi la bunduki, pale penye kifyatulio, kwa nati nene. Kutoka hapo linakwenda mbele lenyewe. Mtutu unapita katikati yake bila kuguswa popote. Ukilikaba koti, nguvu yote inaishia kwenye boksi, na mtutu unakaa kimya kama mtu asiye na habari.

Kiwanda cha Panyu hakikuwa nalo. Bibi Liang, mwenye kiwanda, alisema atayafunga makoti nitakayomletea lakini kuyatafuta ni juu yangu. "Mei you," alisema, sina, kwa namna ile ambayo ukikaa hapa mwaka mmoja utajua kama ina mlango wa nyuma au haina. Hii haikuwa nao.

Hapo ndipo ilianza furaha yangu kubwa, maana mtu mwenye wasiwasi ukimpa ruhusa ya kulinganisha vitu umempa sikukuu. Msimu wa maonyesho ya biashara nilikwenda Pazhou, yanakofanyika. Kumbi zile ni kubwa kiasi kwamba ukisahau ulikula wapi ni bora ule tena kuliko kurudi. Nilizunguka kwenye alumini siku nzima: mabomba ya baiskeli, vifuko vya tochi, miguu ya kamera. Jioni Papa alinikuta nimekaa kwenye ngazi na katalogi kumi na moja mapajani.

"Umepata?"

"Nimepata saba."

"Tulikuwa tunatafuta ngapi?"

"Moja."

"Basi umepata sita ya kuzidi. Twende tukule."

Hayo saba ndiyo yaliyonifundisha, kwa hiyo nisikilizeni.

La kwanza lilikuwa refu na la kupendeza, na lilivuka ncha ya mtutu. Ukiangalia picha kwenye katalogi hutajua. Ukilifunga, mwale unapiga ukingo wa koti lenyewe na bata anakaa akikutazama. Koti liishie nyuma kidogo ya ncha.

La pili lilikuwa na kingo kali. Nilikuwa natumia kidole kukagua, nikajikata mara mbili, mpaka mama mmoja wa kiwandani akanionea huruma akanipa pamba. Pitisha pamba kwenye kila tundu na kila ukingo. Ikiacha manyoya, ngozi ya mtoto nayo itaachwa. Njia hiyo nimeitumia hata kwenye viti vya kubembea.

La tatu lilifungwa na skrubu moja. Zuri kwa macho, lakini baada ya kulizungusha kidogo likageuka lenyewe kama kofia ya mlevi. Tafuta lenye skrubu za kubana pande mbili na kijino kinachoingia kwenye boksi ili lisizunguke. Na skrubu zipakwe gundi yake, maana watu hawachezi mchezo huu kwa utulivu.

La nne lilikuwa zito. Uzito wa mbele huujui dukani, unaujua mkono ukiwa umenyooka. Mimi niliinyoosha bunduki huku nikisubiri lifti ya Tianxiu. Mkono ukichoka kabla lifti haijafika, koti ni zito. Siku hizi najua kuwa kwa lifti ile kila kitu ni kizito, lakini kipimo kikali hakijawahi kuniangusha.

La tano lilikuwa jeusi. Nimeshasema.

La sita rangi yake ilitoka kwa jasho, nikaingia kanisani Jumapili na kiganja cha chungwa, nikampa mchungaji mkono.

La saba ndilo lilikuwa lenyewe. Lilitengenezwa na karakana ndogo iliyozoea mabomba ya baiskeli. Jepesi, la chungwa, skrubu nne, kijino, kingo laini. Siku niliyolibeba kuja nalo ofisini, mashine ya ukaguzi ya metro pale Xiaobei ililiona, na walinzi wawili wakanisogeza kando. Nikawaonyesha picha ya ukumbi wa michezo kwenye simu, bata na watoto. Mmoja akalichungulia koti kama darubini. Akaniuliza mchezo huo unachezwa wapi hapa mjini, maana ana binti. Hili ninalisema ili mjue: beba picha ya mwisho wa safari ya kitu chako. Maelezo yanachosha, picha hazichoshi.

Sasa kuhusu karatasi.

Kujua kama koti halijagusa mtutu, macho hayatoshi. Unachukua kipande cha karatasi ngumu, unakipitisha kati ya koti na mtutu, unakizungusha pande zote. Kikipita bila kukwama, kuna nafasi. Mimi nilikata changu kutoka kwenye kalenda ya ofisini, ile yenye samaki wekundu. Nilikata kona yake moja ili nijue upande gani unatangulia. Nilikipitisha mara nyingi sana. Nilikipitisha nikiwa na furaha, nikiwa na hofu, na mara moja nikiwa kwenye simu na mama yangu.

Na kuhusu sampuli.

Katika biashara hii, mkikubaliana kitu kitengenezweje, kimoja kinafanywa kikamilifu, kinatiwa kwenye mfuko unaoonyesha ndani, mfuko unafungwa kwa plasta, ule utepe wa gundi, mnunuzi anasaini juu ya plasta na mwenye kiwanda anasaini. Hiyo ndiyo sampuli iliyofungwa. Kuanzia hapo mafundi hawasikilizi maneno yako wala kusoma barua zako. Wanafuata sampuli, na ugomvi ukitokea mnafungua mfuko. Ni utaratibu mzuri. Umeniokoa mara kadhaa kwa watu waliotaka kunipa bati mahali pa chuma.

Siku ya kufunga sampuli nilikuwa Panyu, ofisini kwa Bibi Liang, nimekunywa chai vikombe vingi. Bunduki ilikuwa mezani na koti lake la chungwa, na sikuona kosa. Hilo lilinitisha. Nikaomba niangalie mara moja tu ya mwisho. Nikatoa karatasi yangu, nikaipitisha. Bibi Liang akaweka mfuko, akakata plasta, akanipa kalamu. Nikasaini, naye akasaini, tukapeana mikono. Nikarudi mjini nikiwa mwepesi kama mtu aliyetua ndoo.

Jioni nilitafuta karatasi yangu sikuiona. Niliitafuta siku tatu. Nikaamua imeanguka kwenye metro, nikahuzunika kidogo, na sikukata nyingine, kwa sababu koti lilikuwa limeshapita mtihani.

Ninyi mmeshajua ilikuwa wapi. Mimi nilichukua wiki tano.

Bunduki arobaini zilipokamilika nilikwenda kukagua kiwandani. Rangi sawa, skrubu sawa, gundi sawa, hesabu sawa. Mwanga niliujaribu bunduki zikiwa zimelala mezani, na hakuna aliyezikaba. Zikaletwa Xiaobei, kwa wakala wa mizigo aliye chini ya jengo letu. Lori la kuzipeleka kwenye kontena lilikuwa lije saa kumi alasiri, na hiyo ndiyo meli ya mwisho ambayo ingefika kabla ya likizo ya Juni.

Saa nne asubuhi nilishuka kwa wakala. Papa Ilunga alikuwepo akinywa kahawa, ameketi juu ya katoni.

"Nafungua moja tu," nikamwambia.

"Ulifungua moja tu jana."

"Ya jana ilikuwa ya kuangalia plasta."

"Mademoiselle, weye ukioa... ukiolewa, ile bwana utamufungua kila siku kuona kama iko bwana?"

Mabinti wa wakala wakacheka. Nikafungua hata hivyo. Nikatoa bunduki, nikabonyeza kitufe cha majaribio, nikalenga ukuta wa korido. Na kwa kuwa nilikuwa nimekasirika kidogo kwa kuchekwa, niliikaba.

Nukta ikahama.

Nikalegeza, ikarudi. Nikakaza, ikahama kwa upana wa kiganja. Nikaigeuza nikachungulia mbele, kati ya koti na mtutu. Kulikuwa na ulimi mweusi wa mpira, umegundishwa vizuri sana, umekaa upande wa kushoto. Na ulimi ule ulikuwa umekatwa kona moja.

Nilikaa chini, kwenye sakafu ya wakala, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine karibu. Papa akaja, akachungulia. Akafungua katoni nyingine. Ulimi, kona moja imekatwa. Nyingine tena. Walikuwa wamenakili kona yangu mara arobaini.

"Ni mimi," nikasema.

"Bado hatujajua."

"Ile kona ni yangu, Papa."

Tulimpigia Bibi Liang. Hakubishana kwenye simu. Alikuja mwenyewe kwa metro kutoka Panyu, na mfuko wa sampuli ameupakata kifuani kama mtoto aliyelala. Akauweka juu ya katoni, akanyoosha kidole kwenye plasta. Ananiita rafiki, neno aliloliokota kwa wateja wake wa miaka mingi.

"Rafiki, saini ya nani hii?"

"Yangu, laoban," nikasema, yaani bosi.

"Plasta imeguswa?"

"Haijaguswa."

"Fungua."

Nikafungua. Nikainamisha bunduki, nikaitikisa, na mbele ya watu wote kikatoka kipande cha kalenda chenye mkia wa samaki mwekundu.

Kisha Papa Ilunga akasema taratibu, "Ile mkia naifahamu. Kichwa yake iko ofisini."

Bibi Liang alikuwa wa kwanza kucheka, na alicheka mpaka akashika katoni. Akaeleza kwamba fundi wake alipokiona kupitia mfuko alimwita mwenzake, mwenzake akamwita msimamizi, wakakubaliana kwamba wateja wa Afrika wanajua jambo ambalo wao hawalijui. Wakaona karatasi haitadumu na unyevu, wakaifanya ya mpira. Walipima kona kwa makini. "Na sikukutoza kwa mpira," akaniambia, akifuta machozi.

Ilikuwa saa sita kasoro. Nilikuwa nimeshaona kila kitu: meli inaondoka, saruji inarudi, Mama Kabula anakaa nje ya ukumbi wake mwenyewe. Niliwaza barua ya kujiuzulu na nilikuwa nimefika kwenye aya ya pili, Papa akanipiga bega.

"Hiyo gundi, ikipata moto?"

Bibi Liang akasema inalainika. Lakini moto gani utaingia ndani ya bomba bila kubabua rangi? Papa akatazama juu, kama mtu anayesikiliza. Ghorofa ya pili kulikuwa kunavuma draya.

Saluni ni ya Ma Chantal, dada wa Bukavu, anayewasuka wafanyabiashara wote wa Xiaobei. Nilipanda ngazi mbili mbili. Alikuwa na wateja watatu.

"Ma Chantal, naomba draya zako."

"Zote?"

"Zote. Na zile kulabu za kusukia rasta."

Akanitazama nywele. "Unaenda kusuka nani?"

"Bunduki."

"Ngapi?"

"Arobaini."

"Basi si bei ya mtu mmoja," akasema, akazima draya, akashuka nazo mwenyewe, na wateja wake watatu nyuma yake, mmoja akiwa amesukwa nusu kichwa.

Sijawahi kufanya kazi kwa furaha kama alasiri ile. Tulipanga katoni koridoni. Ma Chantal na yule wa nusu kichwa walishika draya, wakapuliza ndani ya koti mpaka mpira ulainike. Mimi na Bibi Liang tuliingiza kulabu na kuvuta. Ulimi ulitoka na sauti ndogo kama busu, na kila ulipotoka mwanamke wa nusu kichwa alisema "Ameni." Papa alipewa kazi ya kurudisha bunduki kwenye katoni, na kwa kuwa hiyo ilimwachia mdomo mtupu, alitueleza jinsi mapadri wa shule yao walivyowahi kukagua vitanda mpaka wakasahau kuwafundisha. Mwenye nusu kichwa alicheka mpaka akaangusha draya. Hata Bibi Liang, ambaye hakuelewa neno, alicheka kwa kuona wengine wanacheka, na kazi ilisimama kwa dakika nzima huku bunduki zikipita mkono kwa mkono bila mtu kujua nani ameshika nini.

Nilipitisha karatasi mpya kila nilipokumbuka. Sikukumbuka kila mara. Nawaambieni ukweli.

Saa kumi kasoro dakika chache lori lilipiga honi. Katoni ya mwisho ikatiwa plasta. Wapagazi wakaanza kubeba. Mimi nikakusanya ndimi za mpira juu ya kipande cha gazeti, nikazihesabu kwa sababu siwezi kutohesabu. Thelathini na tisa. Nikazihesabu tena. Nikamwomba Ma Chantal azihesabu. Thelathini na tisa.

"Papa," nikasema, "kuna moja imebaki."

Dereva alikuwa ameshafunga upande mmoja wa lori. Kuitafuta ilimaanisha kushusha katoni zote na kuikosa meli. Kunyamaza ilimaanisha kumpelekea mteja kitu ninachojua ni kibovu. Papa hakuniambia nichague lipi. Aliegemea ukuta akaninyooshea simu yangu, niliyokuwa nimeisahau juu ya draya.

Nikamrekodia Mama Kabula. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi nilirekodi mara moja tu. Nikamwambia: nilisahau karatasi ndani ya sampuli, wamenakili, tumeng'oa thelathini na tisa, moja iko njiani kuja kwako na sijui ni ipi. Kosa ni langu, si la kiwanda. Ukifungua, pitisha karatasi ngumu kila bunduki, itakayokwama uiweke kando mpaka nikutumie namna ya kuitengeneza. Nikatuma kabla mkono haujapata akili.

Lori liliondoka. Jibu lilikuja tukiwa tunakunywa soda za Ma Chantal.

"We mtoto," ilisema ile sauti ya ng'ambo ya barabara. "Kwa hiyo bunduki zangu zimesukwa saluni? Subiri niwaambie wanakwaya wenzangu."

Ninyi mnaoanza kazi mtaambiwa msiwe na wasiwasi. Mimi siwaambii hivyo, nitakuwa mwongo. Wasiwasi ndio ulioiacha karatasi ndani, na wasiwasi ndio uliofungua katoni asubuhi ile wakati kila mtu ananicheka. Ninachowaambia ni hiki kidogo: ukimaliza kupima, hesabu vifaa vyako kabla hujasaini. Na ukikosea, mwambie mteja wewe mwenyewe, kabla ya kontena kumwambia.

Ukumbi ulifunguliwa Jumamosi ya kwanza ya likizo. Nilitumiwa video. Watoto wamejaa mpaka mlangoni, makoti ya chungwa yamejipanga, bata wanaanguka kama wamelipwa, na baba mmoja mwenye mikono kama jembe anarusha ngumi hewani. Mifuko kumi ya saruji imeondolewa. Mama Kabula aliipaka rangi sakafu pale ilipokuwa, akaweka benchi.

Karatasi ilikwama kwenye bunduki namba ishirini na sita. Nilimwandikia siku hiyo hiyo maelekezo ya draya na kulabu, kurasa tatu, na michoro. Akanijibu kwa sauti.

"Agripina mwanangu, tulia. Hiyo usiiguse. Watoto na wateja hawapewi, nimeifungia kabatini, ina funguo yake. Hiyo ni ya shemeji."

Shemeji huja kila Jumamosi, siku hizi ni mteja mwaminifu kuliko wote. Mama Kabula humfungulia kabati kwa heshima, humpa namba ishirini na sita kwa mikono miwili, naye huikaba kama anakamua nguo. Anasema ukumbi ni mzuri sana na hakuwahi kuwa na shaka nao, ila macho yake ndiyo yanaanza kuzeeka. Wiki iliyopita amenunua miwani.

Nimemrekodia shemeji ujumbe wa kumweleza ukweli mara nne, na mara nne nimeufuta. Nimestaafu.